Fundi Mkuu wa Igawa na Kigari Chake

Tulimwita Fundi Mkuu kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye mlango wa ofisi yake, na aliyeandika ni yeye mwenyewe, kwa rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka trela la maji. Nilifanya kazi chini yake miaka sita pale Igawa, kwenye karakana ya ushirika mmoja wa wakulima wa mpunga. Mimi nilikuwa fundi wa kukereza vyuma. Katika miaka hiyo sita sikumwona hata mara moja akikaza nati mpaka mwisho. Aliizungusha kwa vidole mara mbili tatu, akampa spana mtu aliye karibu, akasema, "Malizia."

Alikozaliwa na ukoo wake sivisemi. Yeye mwenyewe alitupa habari tatu zisizolingana, na sikuona sababu ya kutafuta ipi ya kweli.

Alivaa koti jeupe, refu, kama la daktari. Wakati ule barabara kuu ndiyo kwanza ilikuwa inawekwa lami, na vumbi la Igawa liliingia hata ndani ya kopo la chumvi. Mtu anayetaka koti jeupe katika karakana ya mahali kama pale ana njia moja tu, nayo ni kutogusa kitu. Mkewe alilifua kila Jumamosi na kulianika uani, nasi tukipita tulilitazama na kucheka kimyakimya. Nilipofiwa na baba alinishika mkono kunipa pole. Nilishtuka. Kiganja chake kilikuwa laini kuliko cha binti yangu wa miaka minne, na huzuni niliyokuwa nayo siku ile ikachanganyika na dharau ambayo sikuiomba.

Halafu kulikuwa na Kiswahili chake. Alikaa Dar es Salaam miaka miwili akarudi na lafudhi ya watu wa huko, na tangu hapo akajiona amepewa kazi ya kutusahihisha. Sisi wengine tulikuwa Wasangu, Wabena, Wanyakyusa, na Wasukuma waliokuja Usangu na ng'ombe wao. Kiswahili tulikitumia kazini, jioni tukakiacha pale pale getini. Tulisema gari kimeharibika, na gari likatengenezwa. Yeye hakuvumilia. Siku moja tulikuwa watu wanne tumebeba injini mikononi, na mmoja wetu akasema, "Shika huko, injini hii kizito." Fundi Mkuu alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Nzito," alisema. "Injini ni nzito."

Tukabaki tumeibeba vile vile mpaka yule mwenzetu aliporudia sawasawa.

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "nilishaliona hilo." Ukimwambia kwamba pampu inavuja, alishaliona hilo. Ukigundua baada ya siku mbili za kuumiza kichwa kwamba waya umekatika ndani ya ganda lake, mahali ambapo hakuna jicho la binadamu linaloweza kufika, naye alishaliona. Kwa nini basi hakusema? Hilo hatukuuliza. Tulikuwa na watoto.

Nisiwe mwongo, mtu yule alikuwa na kitu kimoja cha kweli. Alikuwa na sikio. Asubuhi moja basi la kwenda Dar es Salaam lilisimama pale njia kuu kushusha abiria. Fundi Mkuu alikuwa anakunywa chai bandani kwa mama mmoja ng'ambo ya barabara. Basi lilipoanza kuondoka aliweka kikombe chini, akakimbia, akasimama mbele yake na mikono ameinyoosha. Dereva alipiga honi, kisha akatukana. Abiria nao wakatukana. Yeye hakuondoka.

"Gurudumu la mbele, kushoto," alisema. "Lifungue."

Walibishana muda mrefu, mpaka dereva akalifungua kwa hasira, ili amwaibishe mbele ya watu. Beringi ilikuwa imepasuka na kugeuka rangi ya buluu kwa joto. Basi lile, na watu wote wale ndani, lilikuwa literemke mlima wa Kitonga. Mama mmoja kati ya abiria alipiga magoti kumshukuru. Fundi Mkuu akamwinua, akarudi kumalizia chai yake. Angekufa siku ile ningemlilia. Lakini aliishi, na habari ya basi tuliisikia mwaka mzima, na kila alipoisimulia abiria waliongezeka, mpaka likawa basi ambalo lingehitaji ghorofa.

Mwanzoni mwa miaka ile ya sabini, vyama vya ushirika vya Usangu na vya upande wa Iringa vilibuni mchezo wa kuvuta. Haukuwa mchezo wa bure. Kila masika malori yalikuwa yananasa kwenye majaruba na mpunga ukioza njiani. Wakubwa wakataka wapate kigari kidogo, cha bei ya chini, chenye nguvu ya kuvuta mzigo kwenye tope. Wakasema kila karakana itengeneze cha kwake kwa vyuma chakavu, bila kununua kitu kipya, kisha vikutane Rujewa baada ya mavuno. Vingevuta sleji, yaani magogo mawili ya mkaratusi yaliyopigiliwa mbao, na juu yake magunia ya mchanga. Kila kigari kikivuta hatua ishirini, watu wangeongeza magunia, mpaka kishindwe. Karakana ya kigari kitakachoshinda ndiyo ingepewa kazi ya kuviunda vingine vyote. Kwetu Igawa hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu ilikuwa inasemwa kwamba karakana yetu itafungwa na kazi zake zihamie Mbeya mjini.

Nilikichora kigari kile kwa chaki sakafuni, karibu na mashine yangu ya kukereza. Injini ya Landrova iliyokuwa imelala nyuma ya ghala. Giaboksi mbili, moja nyuma ya nyingine, ili kitambae polepole lakini kwa nguvu. Difu ya lori. Tairi za nyuma za trekta. Chasisi tungeiunga kwa vyuma vya trela lililoachwa porini na wajenzi wa barabara. Fundi Mkuu alikuja, akaizunguka michoro ile, akaondoka. Kesho yake asubuhi ilikuwa kwenye karatasi, imepigwa mistari kwa rula, na chini jina lake.

"Giaboksi mbili," nilimwambia. "Jana nilizichora mimi pale."

"Nilishaliona hilo zamani," alisema. "Wewe umenikumbusha tu."

Tulikiunda kwa wiki tisa. Hatukununua chochote isipokuwa vijiti vya kuchomelea. Kilikuwa kifupi na kibaya, mabega mapana nyuma kama nyati, na kilipowashwa mara ya kwanza watu wa sokoni walikuja kutazama. Sijawahi tena kutengeneza kitu nilichokipenda vile.

Dereva alikuwa Masanja. Alikuwa kibarua wa trekta, umri wa miaka ishirini na kitu, wazazi wake walihamia na ng'ombe kutoka kaskazini wakaishi mbele ya Rujewa. Mtu mpole, mwembamba, aliyekula amesimama. Kwenye matope hakukuwa na dereva kama yeye. Alijua kwa makalio, alivyokuwa akisema mwenyewe, tairi linapotaka kuteleza kabla halijateleza. Fundi Mkuu alimwahidi kwamba wakishinda ataandikwa kazi ya kudumu. Masanja alikuwa na mke na mtoto mchanga. Aliniambia habari hiyo akiwa anaifuta boneti kwa shati lake.

Majaribio tuliyafanya kando ya mto. Kigari kilivuta vizuri, kisha mzigo ulipokuwa mkubwa tairi za nyuma zikaanza kusaga udongo pale pale. Fundi Mkuu akaagiza ndoano ya kufungia mnyororo ipandishwe, itoke chini ya ekseli ikae juu yake kwa shibiri moja. Hapa lazima nieleze, maana ndipo yote yalipotokea. Ndoano ikiwa juu, mzigo unazibana tairi za nyuma zishike ardhi. Hilo ni kweli, na alilijua. Lakini mzigo huo huo unakivuta kigari kwa nyuma, pua inataka kupanda, na ikipanda mno kigari kizima kinampindukia dereva. Kinachoishikilia pua ni uzito wa mbele.

Nilimweleza hivyo. Akaninyooshea kiganja kama mtu anayemnyamazisha mtoto.

"Chuma hakina akili, bwana. Akili ninayo mimi. Pandisha."

Nikapandisha. Pini yake niliikereza mimi, ndoano niliifunga mimi. Nilichofanikiwa kupata ni sanduku la mawe mbele ya boneti, zito, watu wanne kulinyanyua. Tulijaribu tena. Pua ilitulia, tairi zikauma ardhi, na kigari kikavuta mzigo ambao lori la ushirika lilikuwa limeshindwa. Masanja alishuka akicheka. Hata mimi nilicheka. Usiku ule nilimwambia mke wangu kwamba huenda nimemhukumu vibaya yule bwana.

Asubuhi ya mashindano nilifika Rujewa na lori la pili, nimechelewa. Uwanja ulikuwa umejaa: wakulima, wafugaji na fimbo zao, wanafunzi, wageni wa kutoka Mbeya na Iringa wamekaa chini ya turubai. Nikakiona kigari chetu. Sanduku la mawe halikuwepo. Kwenye boneti kulikuwa na maandishi mapya ya rangi nyeupe, makubwa, KAZI YA AKILI, na chini yake, kwa herufi ndogo kidogo, jina la Fundi Mkuu.

"Mawe yako wapi?" nilimwuliza.

"Yalikuwa yanaziba maandishi. Mgeni rasmi atasoma nini? Mawe?"

"Mzee, ndoano iko juu. Bila mawe kitanyanyuka."

"Nilishaliona hilo. Dereva ni mwepesi, hatutavuta mpaka mwisho. Tutavuta kiasi cha kushinda."

Hayo ndiyo maneno yake. Nimeyarudia kichwani mara nyingi nikitafuta maana, na hayana. Aliona aibu kurudisha mawe mbele ya watu, basi. Koti lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe.

Ningeweza kuchomoa ile pini ya ndoano nikaitupa kwenye mfereji. Ingenichukua muda wa kukohoa. Badala yake nilimwendea Masanja, ambaye alishakaa kwenye usukani.

"Ukiona pua inapanda, kanyaga klachi," nilimwambia. "Usingoje. Kanyaga klachi, itashuka."

"Sawa, kaka."

"Mawe yametolewa. Umeona?"

"Nimeona. Mimi naendesha tu, kaka. Mzee amesema leo naandikwa."

Vigari vya wenzetu vilishindwa kimoja baada ya kingine. Kimoja kilikata ekseli, kingine kiliunguza klachi moshi ukatoka. Chetu kilivuta mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu walianza kumshangilia Masanja. Kila mara magunia yalipoongezwa niliona tairi za mbele zikigusa ardhi kidogo kidogo tu, kama kuku anayedonoa. Mara ya nne ilitosha. Tulikuwa tumeshawapita wote. Nilimtazama Fundi Mkuu. Alikuwa amesimama mbele ya mgeni rasmi, akamwinulia Masanja mkono, aendelee.

Mara ya tano sleji haikusogea kabisa. Kigari kilisimama pale pale, injini inaunguruma, kisha pua ikapanda. Ilipanda bila haraka. Niliyaona yale maandishi meupe yakielekea juu. Nilipiga kelele "klachi," na kwa zile kelele zote hata mimi sikujisikia. Kigari kikasimama wima, kikaanguka chali, na Masanja akiwa chini yake.

Tulikinyanyua kwa mikono. Alikuwa hai. Nyonga na mguu wa kulia vilikuwa vimesagika. Hakulia. Aliuliza tu, kwa Kisukuma kwanza halafu kwa Kiswahili, kama tumeshinda.

Alipelekwa Mbeya hospitali nyuma ya Landrova ya ushirika, na mimi nilikaa naye nikiushika mkono wake. Fundi Mkuu alibaki uwanjani, kwa sababu, alisema, lazima mtu abaki na wageni.

Baada ya mwezi ushirika uliunda kamati ya watu watatu. Walikaa kwenye chumba cha mkutano, wakatuita mmoja mmoja, Fundi Mkuu akiwa amekaa humo humo muda wote. Alisimama akaeleza kwa Kiswahili chake kizuri kwamba kigari kiliundwa kwa ustadi, kwamba kilivuta kuliko vyote, na kwamba dereva alielekezwa wazi kukanyaga klachi endapo pua itapanda, naye hakufanya hivyo.

Mwenyekiti akanigeukia. "Ni kweli dereva alielekezwa?"

Sijui Fundi Mkuu alijuaje nilichomwambia Masanja. Labda alikuwa amesimama karibu. Nilimtazama, alikuwa anatazama dirishani, ametulia kabisa.

"Ni kweli," nilisema.

"Nani alimwelekeza?"

"Mimi."

"Basi," mwenyekiti akasema, na akaandika.

Hawakuuliza habari ya ndoano. Hawakuuliza habari ya mawe. Nami nilikuwa nimesimama pale, mdomo ninao, na orodha ya watakaohamishiwa Mbeya na watakaoachishwa ilikuwa bado haijabandikwa. Nilisema asante nikatoka. Onyo langu, kitu pekee chema nilichofanya siku ile, ndilo lililomtia hatiani Masanja. Hakuandikwa kazi. Alirudi kwao mbele ya Rujewa na magongo mawili.

Baada ya ajali ile wakubwa waliacha habari ya vigari, na karakana ilifungwa vile vile. Mimi nilihamishiwa Mbeya. Fundi Mkuu alipelekwa Iringa, cheo juu zaidi, koti lake na mkewe mwenye subira.

Nilimwona tena mwaka ule vita vya Kagera vilipokwisha, wakati sabuni na sukari vilikuwa vya foleni. Nilikuwa Iringa kwa kazi, nangoja basi stendi, mchana. Alikuwa amestaafu, anaishi Kilolo kwenye shamba la mahindi. Koti jeupe halikuwepo. Alivaa sweta lenye kiwiko kilichotoboka. Aliniona yeye kwanza, akanikumbatia kwa furaha ya kweli, na hilo lilinichanganya, kwa sababu kwa miaka saba nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwambia na hakuna hata moja lililoanza kwa kukumbatiana.

"Mungu amekuleta," alisema. Akatoa bahasha kwenye mfuko wa plastiki. Mkoa ulikuwa unakusanya habari za wabunifu wa zamani, alieleza, na yeye ameandika habari ya kigari. Ilitakiwa saini ya shahidi mmoja aliyekuwepo.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Karatasi mbili zilizopigwa chapa. Giaboksi zake mbili, difu yake, chasisi yake. Karibu na mwisho kulikuwa na mstari mmoja: katika jaribio la mwisho dereva aliumia kidogo kwa kutofuata maelekezo.

"Una kalamu?" nilimwuliza.

Akanipa haraka. Nikaegemeza karatasi kwenye ukuta wa kibanda cha tiketi, nikaandika chini, pale penye nafasi ya shahidi: Ndoano niliipandisha mimi kwa amri yake. Mawe ya mbele yalitolewa kwa amri yake. Mimi nililijua hilo na sikusema kwenye kamati. Masanja hakukosea. Nikatia saini na jina langu lote.

Alisoma polepole, midomo inatembea. Nilisubiri akasirike. Nilitamani akasirike.

"Masanja ni nani?" aliuliza.

Nilifikiri ananifanyia dhihaka. Nikamtazama usoni. Alikuwa anauliza kweli.

"Dereva," nilisema.

"Aa. Kumbe alikuwa anaitwa Masanja." Akaikunja karatasi kwa uangalifu, akairudisha kwenye bahasha. "Hapa umeandika marefu mno. Nitaipiga chapa upya, nitatafuta mwingine atie saini. Usijali. Familia hawajambo?"

"Hawajambo."

Gari la Kilolo likaita abiria. Akaniaga kwa mikono miwili, akapanda, akakaa dirishani na bahasha yake mapajani, na walipoondoka alinipungia.

Nilibaki pale nikimdharau kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Ilichukua muda kabla ya kuona kwamba mimi nililijua jina la Masanja siku zote, kijiji chake nakijua, njia ya kufika naijua, na tangu siku alipotolewa hospitali sikuwa nimekwenda hata mara moja. Tiketi yangu ilikuwa ya Mbeya. Nilimwomba kijana wa kibanda cha tiketi anibadilishie, niishie Igawa, ili kesho asubuhi nitafute gari la kwenda Rujewa. Akaniuliza kama kuna mtu ananingoja huko. Nikamwambia sijui.